Magunia ya Bujiku

Dutwa, Bariadi
11 Februari 2024

Mdogo wangu Januarius,

Mwangaluka. Naandika asubuhi, jua halijapanda, basi pokea salamu ya asubuhi hata kama utaisoma jioni. Barua nampa Constantine, yule dereva wa lori anayeleta mizigo hapa Bariadi na kurudi huko kwenu ng'ambo ya Kagera. Amesema ataifikisha mpaka kwenye geti la kiwanda chenu. Nimempa na mayai sita ya kuchemsha ya njiani.

Najua mmeudhika kwa ajili ya simu. Milembe, mwenyekiti wa kikundi chetu, kaniambia mkeo anapiga hanipati. Simu haijaharibika. Laini niliitoa siku ya tatu baada ya mazishi, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka ndani ya kikombe cha Bujiku. Simu ndiyo iliyoniambia. Nilikuwa napepeta choroko, ikalia, mtu nisiyemjua akaniuliza kama mimi ndiye mke wa mwenye pikipiki nyekundu. Tangu siku hiyo simu ikilia, hata ya jirani, mikono inakufa ganzi. Barua hainishtui. Barua naifungua nikiwa nimekaa.

Soya yako imetoa maua. Nasema yako kwa sababu ni wewe uliyetuletea habari zake mwaka jana mwezi wa saba, ukakaa hapa uani na watu ishirini na watatu, ukawaambia kiwanda chenu kitanunua yote tutakayovuna. Bujiku alikuwa wa kumi na nne kuandikishwa. Alipofariki mwezi wa tisa, katibu wetu Joakim alitaka kuweka jina langu kwenye namba ile. Nikamwomba aliache lake. Shamba ni lake, mbegu alizichagua mwenyewe, mimi namlimia tu. Joakim alinitazama kidogo, akafunga daftari.

Unakumbuka alivyozichagua? Alizimwaga kwenye ungo akawa anang'ata moja moja ya kila konzi. Iliyolia kah! chini ya jino aliikubali, iliyokaa kimya aliitema na kusema hii bado ina maji. Hata dengu za kula alizing'ata hivyo. Jino lake moja la nyuma lilikuwa limechongoka kwa kazi hiyo.

Nina ombi. Gloria ameniachia Precious mpaka amalize masomo yake Mwanza, na mtoto sasa anakula uji. Kwenye gari la Constantine nimeona mfuko mtupu wa unga wa lishe wa kiwanda chenu, una picha ya mtoto anayecheka. Nitumie mmoja tu. Nataka nijue ninacholima kinakuwa nini, na mjukuu wa Bujiku aonje.

Dada yako,
Nyanjige


Ghala la pili, ng'ambo ya Kagera
3 Machi 2024

Shikamoo dada,

Barua imefika ikinuka mayai. Constantine anasema alikula matano, la sita likapasukia juu ya bahasha. Nimeisoma hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa amenuna kweli, ila nilipomsomea habari ya kikombe aliinuka, akaenda kukaa nje.

Umeniuliza neno dogo kuhusu unga, nami nitakujibu kirefu kuhusu jambo jingine, utanisamehe. Nilipoanza kazi hapa mwaka 2009 soya ilikuja kwa baiskeli. Mtu anashusha nusu gunia, namjua yeye, namjua na mkewe. Kisha watu wakaambiwa wafuge kuku wa mayai, wakafuga. Wakaambiwa watoto wapewe uji wa lishe kliniki, wakapewa. Shule zikaingia, magereza yakaingia, wenye mabwawa ya samaki wakaingia. Kinywa kikapanuka kila mwaka na shamba likabaki lile lile, maana nchi hii ndogo ni vilima, na kila kilima kina nyumba mpaka kileleni. Tukaanza kuagiza kutoka nchi za kusini. Mwaka mmoja wa kusini wakafunga mlango, wakasema ya mwaka huo inawatosha wao tu; huku kuku wakachinjwa kabla hawajataga yai la kwanza. Tukaagiza kwa meli, kutoka nchi ambayo hakuna mtu hapa ghalani amewahi kuikanyaga. Siku hizi salamu yetu ya asubuhi ni kuulizana meli iko wapi.

Mimi ndiye ninayekaa mlangoni na kutia saini ya kupokea. Chakula cha nchi nzima kinafika kama mgeni aliyechelewa, na kwa njaa tuliyo nayo hatuthubutu kumuuliza alilala wapi. Inanitia kinyaa, dada. Si soya yenyewe. Ni jinsi tulivyozoea.

Ndiyo maana nilikuja kwenu. Nilimwambia meneja kwamba kwetu Simiyu ni safari ya siku mbili, watu nawajua, kila gunia naweza kumtaja aliyelilima. Nimeweka jina langu chini ya majina yenu ishirini na matatu. Basi waambie wote, na Milembe mwenyekiti wenu asikie vizuri: soya si pamba. Ikauke mpaka ilie kwenye jino, kama shemeji alivyotaka. Ikilowa, hata kidogo, inaota ukungu, na ukungu ule ni sumu kwenye ini la mtoto.

Unga umekwisha kwenye duka letu la wafanyakazi. Safari ijayo.

Mdogo wako,
Januarius


Dutwa, Bariadi
28 Aprili 2024

Januarius,

Tumeanza kuvuna. Maganda yanapasuka yenyewe ukichelewa, kwa hiyo tunang'oa mapema, umande ukiwapo. Precious anakaa kwenye ungo na kujaza punje sikioni. Nimezitoa mbili.

Niliwasomea maneno yako kwenye kikao. Uliposema soya si pamba watu wote walicheka, Milembe kuliko wengine. Wewe uliondoka mdogo, ukaenda shule Nassa kwa baba mkubwa, pamba hukukaa nayo. Ngoja nikwambie walichokuwa wanakicheka.

Mtu anavuna pamba nyeupe kama maziwa. Kesho yake ni mzani, basi leo anaimwagia maji ya chumvi, anachanganya na mchanga wa mtoni, anaikanyaga kwa miguu mpaka inashika. Na mnunuzi naye mzani wake ameulegeza. Kila mmoja anamwibia mwizi wake, kila mmoja anarudi nyumbani na amani. Kisha pamba inakwenda ng'ambo na kurudi mitumba, nasi tunavaa suruali ya mtu ambaye hajawahi kuuona mpamba. Sijui nani kati yetu achukiwe kwanza.

Bujiku hakuweka maji. Miaka ishirini na sita ya ndoa yetu hakuweka. Katibu alikuwa anasoma majina kwa sauti, kuanzia mwenye uzito mkubwa, na Bujiku alikuwa chini kule karibu na wajane na wagonjwa. Watu walisema Bujiku kauza hewa. Watoto walilifanya wimbo. Yeye anawajibu, "Hewa haiozi, jamani," anawasha pikipiki. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, natazama miguu yangu.

Sijui kwa nini nimeyakumbuka haya. Labda kwa sababu bomba lake la mgongoni, la kupulizia dawa ya pamba, bado limening'inia ukutani na sina moyo wa kulitoa. Liko kama yeye alivyolitundika, mkanda umeelekea mlangoni.

Usisahau unga wa Precious.

Nyanjige


Ghala la pili
19 Mei 2024

Shikamoo dada,

Kwa haraka. Afisa wa kiwanda atafika Bariadi Jumamosi tarehe 15 Juni na kifaa cha kupima unyevu. Jumapili mapumziko. Jumatatu tarehe 17 mtapima uzito, na lori la Constantine litapakia siku hiyo hiyo. Meli yetu imekwama baharini, meneja anazunguka ghalani kama mbwa aliyefungwa. Soya yenu ndiyo inayosubiriwa.

Kuanzia Jumamosi mpaka Jumatatu ufunguo wa ghala la kikundi ushike wewe. Nimemwandikia Joakim hivyo. Si kwamba siwaamini wengine. Basi, siwaamini.

Unga bado. Mpe Precious ulezi, ulezi ni mzuri sana.

Januarius


Dutwa, Bariadi
18 Juni 2024

Januarius,

Barua hii iko kwenye lori moja na magunia. Yamepita yote kwenye kifaa, afisa alitusifu Jumamosi mbele ya watu.

Jana tumepima. Nimeona nikuandikie wewe kwanza. Joakim alifungua daftari akasoma, "Namba kumi na nne, Bujiku." Wa kwanza. Watu wakadhani amekosea, akasoma tena, "Bujiku, wa kwanza." Magunia sita. Milembe aliguna tu, kisha akapiga vigelegele, na wengine wakapokea. Mzee mmoja aliyekuwa akimtania alivua kofia. Laiti ungekuwepo. Hakuna aliyesema hewa.

Magunia yake nimeyashona kwa uzi wa bluu ili uyatambue.

Mimi ni mzima. Usiku nimeshindwa kula, labda uchovu. Gloria alikuja kutoka Mwanza, akaokota punje moja iliyobaki sakafuni akanipa, akasema mama ing'ate kama baba. Nilimwambia jino linauma.

Yatazame vizuri ya uzi wa bluu.

Nyanjige


Ghala la pili
4 Julai 2024

Dada,

Kaa chini kabla hujasoma.

Lori lilikwama mpakani siku kumi na moja, karatasi moja ilikosa muhuri. Turubai juu, jua juu ya turubai. Limefika Jumatatu. Magunia ya wenzako yako salama, nimechoma kila moja mkuki wetu wa kutolea punje za kupima, zinatoka kavu, zinang'aa. Yale sita ya uzi wa bluu niliyajua kabla sijayaona. Niliweka kiganja juu ya moja, lilikuwa na joto kama tumbo la mgonjwa.

Nilipokata uzi halikumwagika. Soya ilikuwa imeshikana kama kiporo cha ugali, imeota manyoya ya kijani na meusi, na katikati inatoa majimaji kama usaha. Harufu yake siwezi kukwambia. Nimeoga mara tatu, bado iko kwenye kucha. Wapakuaji wawili walitapika, na wale ni watu waliozoea ghala.

Meneja alikuja ameziba pua kwa tai yake. Akatazama, akatazama na kalenda. Akasema tuchanganye, moja ya hizi kwa ishirini nzuri, twende kinuni. Moto wa kinu unaua kila kitu, anasema. Nchi haina soya nyingine, kliniki zinapiga simu. Watasaga Alhamisi ijayo, tarehe 11, na kabla ya kusaga ni lazima iwepo saini yangu.

Sasa nikwambie lile la unga. Haukuwa umekwisha hata siku moja. Mwaka juzi meli ilishusha mzigo uliokaa bandarini wiki tano. Ulikuwa na ukungu, si kama huu, lakini ulikuwapo. Meneja alisema maneno haya haya, nami nikasaini. Tangu hapo nyumbani kwangu hatuli uji ule wala mayai ya hapa. Mke wangu anaagiza ulezi Karagwe. Nilishindwa kumtumia mjukuu wako kitu nilichowasainia watoto wa wenzangu. Nimekuwa nikikuandikia kuhusu kinyaa kana kwamba ni cha watu wengine.

Kuhusu haya magunia, najua si wewe. Mtu amekuingilia, amebadilisha au amemwagia maji kwa wivu, kwa kuwa ni jina la Bujiku. Nataka jina lake. Nikimpeleka meneja jina moja, nitasema ni mtu mmoja mwovu, yatupwe yale sita na kikundi kisamehewe. Nisipokuwa na jina, kosa ni la wote ishirini na watatu, hawatanunua tena kwenu. Au nisaini, yaingie kinuni, na hakuna atakayejua kitu. Maji ni maji tu, labda kweli moto unatosha. Usiku najiambia hivyo.

Nani alishika ufunguo zaidi yako?

Januarius


Dutwa, Bariadi
10 Julai 2024

Mdogo wangu,

Barua hii itakufikia nyuma ya sauti yangu. Nashukuru uliipokea simu. Najua nilisema maneno matatu tu na kulia, na wewe ukawa unauliza bomba gani, bomba gani. Sasa nimekaa, naweza kusema lote.

Barua yako Constantine aliniletea jana jioni. Leo alfajiri nilitoa laini kwenye kikombe nikaenda nayo Bariadi mjini. Wakasema ilishafungwa, nisajili nyingine. Kifaa cha alama za vidole kilinikataa kidole hiki na kile, dada wa dukani akasema mama vidole vyako vimefutika kwa jembe. Alinipaka mafuta, kidole gumba cha kushoto kikakubali. Simu ya Milembe ningeweza kuazima, lakini ningekuambia nini mbele yake.

Hakuna aliyeingia ghalani. Niliingia mimi.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Watu wote wako kanisani, watoto wanapewa kipaimara, nyimbo zinasikika mpaka huku. Afisa ameshapima, mzani kesho. Nilikuwa nimekwenda kuyatazama magunia tu, nikasimama mbele ya yale sita, nikasikia Joakim anasoma jina lake chini kule karibu na wajane, mara ya mwisho, na safari hii yeye hayupo hata kuwajibu. Nilitaka asomwe wa kwanza mara moja tu. Si kwa pesa ya uzito, Januarius, wala kwa kitu cha kununua. Nilitaka watu wanyamaze.

Sikufikiri ni soya. Mikono ilifikiri pamba. Pamba ukiilowesha inakauka kiwandani, haimdhuru mtu, ndivyo tulivyokua tukijua. Nikaenda nyumbani, nikatoa bomba la Bujiku ukutani, nikalisuuza mara tatu, nikajaza maji, nikarudi ghalani, nikafungua kila gunia na kupulizia mpaka chini. Ndilo bomba la dawa ya pamba. Miaka yote ile, dawa zote zile. Nilipomaliza mikono yangu ilinuka dawa, nikaisugua kwa majivu, nikaenda nyumbani kumpikia Precious.

Sasa umeelewa. Ukungu unauona. Hii huioni, na moto hauijui. Usisaini. Usimtafute mtu mwovu. Mpelekee meneja jina langu, herufi zote, na umwambie wengine ishirini na wawili hawakujua. Magunia yangu yarudi kwangu. Nauli ya Constantine nitauza mbuzi wawili, usinibishie.

Alikuwa anasema hewa haiozi. Nimemwozesha mimi.

Nyanjige


Ghala la pili
25 Julai 2024

Shikamoo dada,

Sikusaini. Nilimpa meneja jina lako kama ulivyotaka, nikamwambia na la bomba, kisha nikamwambia na langu, la mwaka juzi. Hilo hakupenda kulisikia. Alifunga mlango akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia dada yangu.

Lakini hukunipigia mapema ya kutosha, na kosa la hilo ni langu, ningekuandikia mara lori lilipofika badala ya kukaa siku tatu nikijishauri. Jumanne tarehe 9, mimi nikiwa upande wa pili, walijaribu kinu kwa gunia moja. Moja kati ya sita. Saini hawakuisubiri. Baada ya simu yako tuliufuata unga ule, mimi na mwanamama wa maabara anaitwa Eufrasia, kituo kwa kituo, kliniki kwa kliniki, tukifungua makabati. Tumerudisha mifuko yote isipokuwa tisa. Tisa ilishagawiwa. Kwenye orodha ya kliniki kuna majina ya mama zao, lakini siku ile iligawiwa mifuko ya aina mbili, na hakuna anayejua nani alipata ipi. Eufrasia aliwaita wote, wamekuja nusu. Waliokuja, watoto wao ni wazima.

Soya ya wenzako imepokelewa. Mwakani watanunua kwenu kwa sharti kwamba kupima unyevu na kupima uzito ni siku moja, mkono kwa mkono. Mimi nimeondolewa mlangoni. Nasimamia ufagiaji wa uwanja.

Meli imefika jana. Anasaini mwingine. Niliona malori yakiingia, na upepo ulipogeuka nikanusa ukungu, nikajua soya ile imelala wapi. Nilimfuata yule anayesaini nikamwambia. Akasema kaka, si unajua hakuna nyingine.

Magunia matano yanakuja na Constantine. Amefunga kitambaa puani tangu getini.

Januarius


Dutwa, Bariadi
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Januarius,

Mwangaluka tena. Kesho kutwa ni mwaka tangu Bujiku aondoke. Nataka barua hii itoke kabla.

Magunia yalifika mchana, siku ya mnada, watu wamejaa barabarani. Constantine alitaka kupita njia ya nyuma kunisitiri. Nilimwambia ashushie pale pale mbele ya ghala. Mbwa walikimbia. Niliomba kikao, nikasimama, nikasema yote kama nilivyokuandikia wewe, na la bomba. Milembe akasema, "Kumbe Bujiku alikuwa na hewa, wewe una maji." Watu wakacheka, nami niliona ni halali yao. Kofia ya yule mzee sikuitazama.

Kabla jua halijashuka alikuja mtu na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kutoka mjini. Anatengeneza chakula cha kuku. Akanusa, akatema mate, akasema ataichukua yote, ataianika na kuisaga na dagaa. Nikamwambia imeoza na ina dawa. Akanijibu, "Mama, kuku hawana pua." Januarius, nilimtazama yule mtu, shati safi, kalamu mfukoni, na nilichokichukia ni kwamba sikumshangaa. Wiki chache kabla tungeelewana vizuri sana.

Unalikumbuka shimo la choo alilolichimba Bujiku mwezi wa nane mwaka jana, hakuwahi kuliezeka? Urefu wa watu wawili. Tulimwaga humo yote matano. Soya yenyewe haikutaka kutoka, tuliisukuma kwa mti, ikaanguka mabonge mabonge na mlio wa kitu kilicho hai. Nilitapika, nikaendelea. Nililitupa na bomba. Milembe ndiye aliyeshika jembe kufukia, sikumwita, alikuja tu na khanga imefungwa usoni, akafukia mpaka tumemaliza. Kisha akasema, mimi pamba yangu nimeilowesha miaka yote, Nyanjige, na sijawahi kumwambia mtu. Akaenda zake.

Ile mifuko tisa sijui niiweke wapi. Sina shimo lake. Precious nampikia ulezi, na kabla sijampa kijiko cha kwanza mkono unasimama wenyewe. Mwambie Eufrasia asiache kuwaita wale ambao hawajaja. Kama ni lazima nije mimi mwenyewe nikae kliniki na kuwaambia mama zao kwa mdomo wangu, nitakuja. Simu sasa iko wazi. Ikilia bado naogopa, lakini naipokea.

Ndani ya bahasha kuna punje chache. Ni za akiba ya mbegu yake, zilikuwa kwenye chungu, hazikuguswa na maji wala bomba. Jana nilithubutu kuing'ata moja. Ililia. Nilikaa nayo mdomoni muda mrefu. Nawe uwang'atie wale wa mlangoni mbele yao, wasikie soya kavu inavyosema.

Joakim ameleta daftari la msimu mpya. Nilimwomba afute jina la Bujiku kwenye namba kumi na nne. Aliniuliza mara mbili, maana anakumbuka nilivyomsihi aliache. Nikamwambia kilichofanyika pale hakikufanywa na Bujiku, jina lake lisikibebe. Sasa imeandikwa Nyanjige. Mwakani akinisoma wa mwisho nitaitika kwa sauti, na miguu yangu sitaitazama.

Dada yako,
Nyanjige, namba kumi na nne